Michango ya Watumiaji katika Programu Huria ya Hisabati: Historia ya Saraka ya Share ya Maxima na Funzo Lake kwa Kiswahili

Ikisiri

Makala haya yanafuatilia historia ya moduli zilizochangwa na watumiaji katika Maxima, programu huria ya hisabati iliyotokana na Macsyma ya Chuo cha MIT nchini Marekani. Historia hiyo inaanzia mwaka 1968 na kufika katika Chuo Kikuu cha Maseno nchini Kenya, ambako Maxima hutumika ndani ya mfumo wa STACK kusahihisha kazi za wanafunzi. Hoja kuu ni kwamba uhai wa programu hii haukutegemea taasisi wala fedha peke yake, bali ulitegemea nafasi aliyopewa mtumiaji ya kuweka kazi yake kando ya kazi ya waasisi. Makala yanaonesha pia kwamba nafasi hiyo huzaa matunda pale panapokuwa na mambo matatu: ruhusa ya kisheria, mlezi, na maelezo yaliyoandikwa. Mwishoni yanajadili mchango ambao wataalamu wa Kiswahili wanaweza kuutoa.

1.0 Utangulizi

Mwalimu amewataka wanafunzi watatu wafungue mabano katika (x + 1)². Wa kwanza ameandika x² + 2x + 1. Wa pili ameandika 1 + 2x + x². Wa tatu ameandika (x + 1)(x + 1). Kwa thamani, majibu yote matatu ni sawa na swali lenyewe. Weka namba yoyote mahali pa x, matokeo hayatatofautiana. Hata hivyo, mwalimu mwenye kalamu nyekundu mkononi hatasita: wawili wa kwanza wamepata, wa tatu hajafanya alichoambiwa. Kompyuta haina ujuzi huo mpaka mtu aufundishe, na anayeweza kuufundisha ni yule anayelijua darasa.

Ugumu huu una mizizi ya ndani zaidi. Mwaka 1968 mwanahisabati Daniel Richardson alichapisha uthibitisho kwamba, mara usemi wa kihisabati unapoanza kuchanganya vitendakazi vya kawaida kama vile sini na kipeo cha e, hakuna kanuni moja inayoweza kuamua kila mara kama usemi huo ni sawa na sifuri. Maana yake ni kwamba programu ya kukokotoa kwa alama haiwezi kukamilishwa na waasisi wake, hata wawe na akili na fedha kiasi gani. Daima litabaki eneo linalohitaji ujuzi mahususi wa fizikia, wa takwimu au wa ualimu, na ujuzi huo uko kwa watumiaji.

Makala haya yanachunguza namna programu moja ilivyowapa watumiaji mahali pa kuweka ujuzi wao. Neno moduli linatumika hapa kwa maana ya faili moja au zaidi za amri ambazo hazimo katika kiini cha programu, bali hupakiwa pale mtumiaji anapozihitaji. Mjadala unafuata mtiririko wa wakati, kisha unageukia suala la lugha.

2.0 Rafu ya pamoja katika mashine moja, 1968–1982

Kazi ya kubuni Macsyma ilianza Julai 1968 katika Project MAC, maabara ya kompyuta ya MIT. Waasisi walikuwa watatu: Carl Engelman, aliyekwisha kuunda mfumo wa awali ulioitwa MATHLAB, William Martin, na Joel Moses. Martin na Moses walikuwa wamekamilisha tasnifu zao za uzamivu mwaka 1967, na ile ya Moses ilihusu namna ya kuifanya kompyuta itafute intigrali kwa njia ya alama. Programu iliandikwa kwa Lisp, lugha ambayo wakati huo ilikuwa chombo kikuu cha watafiti wa akili bandia.

Kuanzia mwaka 1975 Macsyma ilikuwa na mashine yake yenyewe, kompyuta ya aina ya PDP-10 iliyofahamika kwa herufi MC. Watafiti waliokuwa mbali waliifikia kupitia ARPANET, mtandao uliotangulia intaneti ya leo. Hali hiyo ilikuwa na matokeo ambayo huenda hayakupangwa. Kwa kuwa wengi walifanya kazi ndani ya mashine moja, aliyeandika amri zenye manufaa hakuhitaji kuzituma popote. Alizihifadhi katika saraka iliyojulikana kwa jina la Share, na mwenzake akazipakia kutoka hapo. Jina lenyewe linabeba maana mbili ambazo Kiswahili huzitenganisha: kugawana kilichopo, na kushiriki katika kukitengeneza. Saraka hii ilihusu zote mbili.

Waliochanga walileta mahitaji ambayo waasisi hawakuyafikiria. David Stoutemyer wa Chuo Kikuu cha Hawaii aliandika moduli ya kuchanganua vizio vya vipimo vya kifizikia, na nyingine ya kutatua milinganyo yenye intigrali. Watafiti wa nadharia ya uhusianifu walihitaji kukokotoa tensa, kazi ambayo kwa mkono huchukua kurasa nyingi na ambayo kosa moja la alama ya kutoa huiharibu yote. Kwa hiyo, moduli za tensa zikawa miongoni mwa hazina kubwa za programu. Bill Gosper naye aliitumia Macsyma alipokuwa akitafuta njia ya kujumlisha aina fulani za mfululizo, na mwaka 1978 alichapisha kanuni inayobeba jina lake hadi leo. Hapa mtumiaji alipokea chombo, akakitumia kugundua jambo jipya, na ugunduzi huo ukarudi kuwa sehemu ya chombo.

Mwaka 1977 watumiaji walikutana Berkeley, California, katika mkutano wao wa kwanza, na makala za mkutano huo zilichapishwa na shirika la NASA. Mingine ilifuata mwaka 1979 na 1984. Mikutano hiyo inaonesha kwamba mchango wa moduli haukuwa jambo la faili tu. Ulihitaji watu wanaofahamiana, wanaosomana na kukosoana.

3.0 Njia panda ya mwaka 1982

Rafu ya pamoja ilikuwa na udhaifu mmoja uliofichwa na urafiki: hakuna aliyeuliza kwa uzito ni mali ya nani. Swali hilo lilijibiwa kwa njia mbili tofauti mwaka 1982. Kwa upande mmoja, haki ya kuiuza Macsyma kibiashara ilitolewa na hatimaye kushikwa na kampuni ya Symbolics. Kwa upande mwingine, MIT ilikabidhi nakala ya msimbo chanzo kwa Wizara ya Nishati ya Marekani, ambayo ilikuwa miongoni mwa waliogharimia utafiti huo kwa fedha za umma. Nakala ya pili ndiyo iliyokuja kuitwa DOE Macsyma. Miongoni mwa waliosisitiza kwamba kazi iliyolipiwa na umma iufikie umma alikuwa Richard Fateman, ambaye alikuwa ametoka MIT kwenda Berkeley na kuihamishia programu katika kompyuta za aina ya VAX.

Matawi hayo mawili yaliishi maisha tofauti. Tawi la kibiashara lilikuwa na wafanyakazi wa kulipwa, miongozo iliyochapishwa vizuri na maboresho mengi. Mwaka 1992 lilihamia katika kampuni mpya iliyobeba jina la Macsyma. Hata hivyo, lilikumbana na washindani wenye nguvu, hasa Maple na Mathematica, na mwaka 1999 mali zake zilinunuliwa na kampuni nyingine ambayo haikuendelea kuitoa sokoni. Maboresho ya miaka takribani kumi na saba yakafungiwa kabatini, na waliokuwa wamezoea kuyatumia hawakuwa na ruhusa ya kuyaendeleza.

Nakala ya wizara nayo haikuwa huru tangu mwanzo. Aliyeipata hakuwa na ruhusa ya kuisambaza upya kwa hiari yake. Tofauti ni kwamba ilibaki mikononi mwa taasisi ya umma, na mlango wa kuombea ruhusa haukufungwa. Wasomi wa Kiswahili wanaijua hali kama hii katika miswada ya kale: muswada ulionakiliwa na wengi, hata kwa mwandiko mbaya, huwa na nafasi kubwa ya kudumu kuliko ule mzuri uliofungiwa sandukuni na mwenyewe akafariki.

4.0 Mlezi na ruhusa: William Schelter

Mlango huo uligongwa na William Schelter, profesa wa hisabati katika Chuo Kikuu cha Texas, Austin. Kuanzia mwaka 1982 Schelter aliitunza nakala ya wizara kwa juhudi zake. Aliihamishia katika Common Lisp, lahaja sanifu ya Lisp, na hata alilea mfumo wa Lisp ambao programu hiyo ingeutumia, ulioitwa AKCL na baadaye GCL. Kazi ya namna hii haina sifa nyingi katika vyuo. Haitoi nadharia mpya wala kuhesabiwa kwa urahisi miongoni mwa machapisho. Lakini bila ya kazi hiyo, msimbo ulioandikwa kwa ajili ya mashine za miaka ya 1970 ungebaki maandishi yasiyo na msomaji.

Mwaka 1998 Schelter alipata kibali cha Wizara ya Nishati kuutoa msimbo huo chini ya leseni ya GPL. Leseni hii inampa kila mtu haki ya kuitumia programu, kuisoma, kuibadilisha na kuisambaza, kwa sharti kwamba anayeisambaza naye awape wengine haki zilezile. Jina likawa Maxima. Kwa mara ya kwanza, yale yaliyofanyika katika saraka ya Share kwa mazoea ya kirafiki yalipata msingi wa kisheria: mchangaji alijua kwamba mchango wake hauwezi kufungiwa kabatini.

Schelter alifariki mwaka 2001. Programu nyingi hufa na mlezi wake, na miaka mitatu mapema kifo hicho kingeweza kuwa mwisho wa Maxima. Lakini kwa kuwa ruhusa ilikwisha kutolewa, kundi la wajitolea kutoka nchi mbalimbali liliichukua kazi hiyo bila kuhitaji kumwomba yeyote. Mfululizo huu unaonesha kwamba mlezi na ruhusa havichukuliani nafasi. Schelter bila leseni angeacha urithi usioweza kurithiwa, na leseni bila Schelter isingekuwa na kitu hai cha kukilinda.

5.0 Saraka ya Share baada ya mwaka 2001

Maxima ya leo imegawanyika katika sehemu mbili zinazoonekana wazi katika msimbo wake. Kiini kimeandikwa kwa Lisp na hushughulikiwa na wachache wanaokifahamu. Saraka ya Share, pamoja na saraka ndogo ya michango iliyomo ndani yake, ina moduli nyingi zilizoandikwa kwa lugha ya Maxima yenyewe, ambayo inakaribiana na maandishi ya kawaida ya hisabati. Mgawanyo huu una umuhimu wa kijamii. Mwalimu wa takwimu hahitaji kujifunza Lisp ili achange. Anaandika alichokizoea, na kazi yake inapakiwa kwa amri moja.

Kwa njia hii Mario Rodríguez Riotorto wa Hispania aliongeza moduli za takwimu na za kuchora grafu. Barton Willis wa Marekani alichanga moduli za polinomia na za kutatua milinganyo. Moduli za tensa za zama za MIT, ambazo zilikuwa zimeharibika, zilifufuliwa na Viktor Toth. Moduli iitwayo zeilberger, iliyoandikwa na Fabrizio Caruso, inatekeleza kanuni ya Gosper ya mwaka 1978 pamoja na upanuzi wake uliofanywa na Doron Zeilberger. Hivyo wazo lililozaliwa kwa msaada wa Macsyma limerudi nyumbani kupitia mikono ya kizazi kingine.

Historia hii isisomwe kama sifa tupu. Rafu iliyo wazi kwa wote hukusanya pia vumbi. Baadhi ya moduli za Share hazina mlezi, nyingine zina maelezo ya mistari michache tu, na ubora hutofautiana sana kati ya moja na nyingine. Jumuiya imejibu kwa njia mbili. Ya kwanza ni majaribio: moduli huambatanishwa na faili la maswali na majibu yanayotarajiwa, ili badiliko la kiini likiharibu kitu, kosa lionekane mara moja. Ya pili ni maelezo: moduli inayoeleweka huingizwa katika mwongozo rasmi, na mwongozo huo umetafsiriwa, kwa viwango tofauti, katika lugha kama Kihispania, Kireno na Kijerumani. Hapa ndipo sharti la tatu linapojitokeza. Moduli isiyo na maelezo imetolewa kwa jina tu, kwani anayeweza kuitumia ni aliyeiandika.

6.0 Kutoka Birmingham hadi Maseno

Mwaka 2004 Chris Sangwin wa Chuo Kikuu cha Birmingham, Uingereza, alianza kuunda STACK, mfumo huria wa kusahihisha majibu ya hisabati kwa kompyuta. Mwanafunzi haoneshwi majibu manne achague moja. Anaandika jibu lake mwenyewe, na Maxima ndiyo inayolipima. Kwa hiyo lile swali la mabano lililofungua makala haya linatatuliwa kwa hatua mbili: kwanza je, jibu lina thamani sawa na linalotakiwa, na pili je, lina umbo linalotakiwa. Mtunzi wa swali huamua ni maksi ngapi na maelezo gani yatolewe katika kila hali.

STACK imerithi desturi ya Share. Katika msimbo wake imo saraka ya michango ambamo watunzi wa maswali huweka moduli za Maxima walizoziandika, na mtunzi mwingine huziita ndani ya swali lake kwa amri moja. Moja ya moduli hizo hukusanya kazi ndogo za kukagua jibu kabla halijasahihishwa, ili mwanafunzi asipoteze maksi kwa kosa la uandishi tu. Aliyeandika kazi hizo ni mwalimu aliyewaona wanafunzi wake wakikosea palepale, mwaka baada ya mwaka.

Tangu mwaka 2019 STACK imekuwa ikitumika katika Chuo Kikuu cha Maseno, magharibi mwa Kenya. Tatizo lililokuwapo linafahamika na kila mhadhiri wa ukanda huu: madarasa makubwa, wasahihishaji wachache, na mazoezi yanayorudi yakiwa yamechelewa kiasi kwamba mwanafunzi amekwisha kusahau alichoandika. Mwanafunzi anayejibiwa papo hapo anaweza kurudia kabla kosa halijawa mazoea. Vyuo vilipofungwa mwaka 2020 kutokana na UVIKO-19, umuhimu wa njia hiyo ulionekana zaidi. Hivyo kazi iliyoanzia katika mashine moja ya MIT imefika katika darasa lililoko karibu na mstari wa Ikweta, bila ya ada ya leseni kudaiwa njiani.

7.0 Nafasi ya Kiswahili katika mnyororo huu

Inaweza kudhaniwa kwamba hisabati haina lugha, na kwa hiyo wataalamu wa Kiswahili hawana la kufanya hapa. Dhana hiyo inaanguka mara tu mfumo unapomjibu mwanafunzi. Jibu ni sentensi, na sentensi ni mali ya lugha fulani. Tanzania imefundisha hisabati kwa Kiswahili katika shule za msingi za umma tangu mwaka 1967. Istilahi kama mlinganyo, kipeo, kigawe na namba tasa zimo vinywani mwa watoto. Malighafi ya sentensi hizo ipo.

Kinachohitaji utaalamu ni ujenzi wake. Programu nyingi huunda ujumbe kwa kuacha pengo ambalo hujazwa na jina la kitu kilichokosewa. Katika Kiingereza pengo hilo halisumbui, kwa kuwa kitenzi hakibadiliki kwa ngeli. Katika Kiswahili, jibu limekosewa, mlinganyo umekosewa, namba imekosewa, kipeo kimekosewa, na vipeo vimekosewa. Tafsiri ya neno kwa neno ya ujumbe wenye pengo moja itatoa sentensi sahihi mara moja na mbovu mara nne, na mwanafunzi atakayesoma sentensi mbovu atatilia shaka hata hisabati iliyo sahihi. Dawa yake ni moduli inayobeba upatanisho wa kisarufi pamoja na istilahi, au sentensi kamili kwa kila hali. Kazi hiyo haiwezi kufanywa na mwanaprogramu wa Edinburgh au Austin kwa niaba ya wengine, kama vile mwanafizikia wa mwaka 1975 asivyoweza kumsubiri Moses amwandikie moduli ya tensa.

Upo mfano wa karibu. Nchi nyingi za Ulaya bara huandika desimali kwa mkato badala ya nukta, ilhali katika Maxima mkato hutenganisha vitu katika orodha. Walimu wa nchi hizo hawakubadilisha desturi za wanafunzi wao. Hoja yao ilizingatiwa, na STACK sasa inaruhusu desimali ya mkato. Waliohitaji walisema, wakashiriki, wakapata. Wanaozungumza Kiswahili wana hoja iliyo nzito zaidi ya mkato mmoja.

8.0 Hitimisho

Makala haya yameonesha kwamba historia ya Maxima ni historia ya rafu iliyoachwa wazi. Waasisi walijenga kiini, lakini kilichoivusha programu katika mabadiliko ya mashine, ya umiliki na ya vizazi ni haki ya mtumiaji kuongeza alichokijua. Haki hiyo ilihitaji ruhusa iliyoandikwa, ambayo ilipatikana mwaka 1998. Ilihitaji walezi wanaokubali kazi isiyo na sifa. Na ilihitaji maelezo yanayomwezesha mgeni kuanza. Tawi lililokosa sharti la kwanza lilinyauka ingawa lilikuwa na fedha.

Kwa vyuo vya Afrika Mashariki, funzo ni kwamba kupokea programu huria bila kuchanga ni kutumia nusu ya haki iliyotolewa. Idara za Kiswahili na idara za hisabati, ambazo mara nyingi ziko katika majengo tofauti ya chuo kimoja, zina kazi ya pamoja inayoweza kuanza kwa faili moja: orodha ya makosa ya kawaida ya wanafunzi, kila kosa likiwa na sentensi ya Kiswahili fasaha inayolieleza. Faili hilo likiwekwa katika saraka ya michango, mwalimu wa Arusha, Bujumbura au Bukavu ataweza kulipakia kwa amri moja, na akiona kasoro, atakuwa na ruhusa ya kuirekebisha.